Siku Kasoro Alipolala Ndegeni

Wasomaji wa gazeti lake walimwita Kasoro, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kazi yake ilikuwa kupanda ndege, kukaa, kula, kwenda msalani, kushuka, kisha kuandika yote yaliyomkera. Aliwahi kujaza ukurasa mzima akieleza meza ya kulia iliyotikisika. Kampuni moja ilibadilisha mito yake yote baada ya yeye kuandika kwamba ilimkumbusha mfuko wa saruji ulionyeshewa mvua. Nyota alizitoa kwa mkono wa birika. Ukipata tatu kati ya tano kutoka kwa Kasoro, unazikata gazetini na kuzibandika ukutani ofisini.

Basi kampuni moja ya ndege ilipomaliza kutengeneza upya sehemu yake ya daraja la biashara, ilimwalika katika safari ndefu ya kwanza, yeye na mwenzake mmoja. Mwenzake alitakiwa awe mkewe. Lakini mkewe alikuwa muuguzi, na hospitali ikamnyima ruhusa. Habari hiyo aliileta jikoni akiwa bado na sare ya kazi, mtoto mdogo begani.

"Basi nitakwenda peke yangu," Kasoro akasema huku anaosha vikombe.

"Nafasi ipotee bure? Mpeleke mama. Kaka anaishi hukohuko ndege inakotua. Kila mwaka anamwita akaone wajukuu, na kila mwaka mama anasema magoti yake hayawezi safari ya kukunjwa kama nguo sandukuni."

Kasoro aliacha kuosha. "Mama yupi?"

"Kwani una mama mkwe wangapi?"

Mama mkwe wake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Mtaani kwake, wanaume wenye vitambi na ndevu za mvi bado walificha sigara mgongoni walipomwona anakuja. Kasoro, ambaye angeweza kuandika maneno elfu moja juu ya skrubu iliyolegea, mbele ya mama huyu alikaukwa na ulimi. Miaka yote ya ndoa walikuwa wameamkiana, wameulizana habari za mvua, wamesifu chakula. Basi.

Mambo yaliharibika siku ileile alipokwenda kujitambulisha. Mama alimuuliza anafanya kazi gani. Kasoro akaeleza vizuri tu, habari za viti, za huduma, za haki ya msafiri. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Kwa hiyo unalipwa kwa kukaa?" Wajomba waliokuwa sebuleni walicheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Kasoro naye akacheka, ili asionekane ameumia. Tangu hapo, kila alipoingia nyumba ile alijihisi kama mtu aliyekuja kuomba kiti.

Asubuhi ya safari alimkuta mama ameshafika uwanjani, amekaa wima kwenye benchi, mkongojo katikati ya magoti, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Ndege bado kabisa, mama."

"Nimesema umechelewa. Sijasema ndege imeondoka."

Hapo mazungumzo yakakoma, mpaka walipoingia ndani ya ndege.

Aliyewapokea alikuwa mhudumu wa kike, kijana, mwenye sauti ya mtu anayeipenda kazi yake. "Karibuni sana! Mmepata viti bora kuliko vyote," akawaambia, akiwaongoza katikati ya chumba. "Hivi viwili tunaviita viti vya maharusi. Mkibonyeza hapa kiambaza cha katikati kinashuka, vitanda vinaungana, mnalala kama mko kwenu."

Kasoro alihisi masikio yanawaka moto. Nyuma yake mkongojo uliacha kugonga sakafu.

"Huyu ni mama mkwe wangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Mungu wangu," mhudumu akasema, akawaketisha haraka, akakibonyeza kitufe kwa kidole gumba kana kwamba anazima moto. Kiambaza kikapanda taratibu, hakina habari na haraka ya mtu, kikatenganisha kwanza viwiko, kisha mabega, kisha nyuso. Mama mkwe alizama nyuma yake akiwa ametazama mbele, kama mtu aliye ndani ya lifti.

"Kinapanda vizuri," sauti yake ikaja kutoka upande wa pili. "Hakilii."

Kasoro akaanza kazi, na kazi ikampa ahueni. Alitoa mkobani futi ya chuma, kitambaa cheupe cha kupangusia vumbi la kwenye pembe, na gololi ya kioo aliyokuwa akiiweka juu ya kila kitanda cha ndege ili kuona kama kimenyooka kweli au kinadanganya. Ndege hiihii aliwahi kuipanda kabla haijatengenezwa upya. Wakati ule viti vilikaa viwiliviwili pande zote, na aliyekaa dirishani akitaka kwenda msalani ilimbidi amvuke jirani yake kama mtu anayevuka mtaro. Kitanda nacho kiliinama, kiasi kwamba ulilala umenyooka na kuamka umerundikana miguuni. Aliyaandika yote hayo, na hakuwaonea.

Sasa alikuwa amekaa ndani ya kitu kingine kabisa. Kila kiti kilikuwa na njia yake ya kutokea. Kuta zilikuwa za rangi ya mchanga mkavu, zimepinda taratibu, bila pembe ya kukugonga goti. Mlango mdogo wa kiti ulifungika kama wa kabati la fundi anayejiheshimu: ulikwenda, ukafika, ukanyamaza. Viatu vilikuwa na kijichumba chao chini, chenye matundu ya hewa, mbali na pua ya mtu. Droo ya simu ilitandikwa kitambaa laini ili simu isigongegonge ndege ikirukaruka. Kasoro akaitikisa meza. Haikutikisika. Akaitikisa tena, kwa nguvu zaidi, na kwa uchungu kidogo.

"Mkwe," sauti ikaja.

"Naam, mama."

"Unapigana na nani huko?"

"Na meza, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Nani anashinda?"

"Meza."

Alidhani amesikia mtu akiguna, pengine hata akicheka, lakini injini zilikuwa zimeanza kunguruma na hakuwa na hakika. Ndege iliruka. Walipokuwa wametulia juu ya mawingu, sauti ikaja tena.

"Mkwe, hiki kishikio umekiona?"

"Kipi, mama?"

"Hapa mlangoni, chini kidogo ya mkono wa kiti. Weka mkono."

Kasoro alipapasa. Kweli, ndani ya ukuta kulikuwa na kishikio, kimefunikwa ngozi, kinene kiasi cha kiganja. Alikuwa ameupima ukuta ule wote kwa futi na hakukiona.

"Sasa jaribu kusimama kwa kukishika," mama akasema. "Tena usisimame kama wewe. Simama kama mimi."

Kasoro akalegeza magoti, akakaza mkono, akajiinua taratibu. Kiti chenyewe kikamsukuma kidogo kwa nyuma, kama mtu anayekusaidia bila kutaka uone aibu.

"Umeona? Mimi nikitaka kusimama nyumbani, naita watu. Hapa nimesimama mara tatu bila kumwita yeyote. Aliyebuni hiki ana mama mzee kwake."

Kasoro akayaandika maneno hayo kama yalivyo. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimfikiria mtu aliyebuni kiti kama mtu mwenye mama.

Kikafuata kitanda. Alibonyeza kitufe, kiti kikajinyoosha chini yake bila kukwama. Akatandika godoro jembamba lililokuwa limekunjwa kwenye mfuko wake, akaweka gololi katikati, akainama kuiangalia kwa jicho moja. Gololi ilitulia palepale. Akaiweka miguuni. Ikatulia. Akalala chali ili apime nafasi ya mabega, futi mkononi, kiatu kimoja mguuni. Katika miaka yote ya kazi yake Kasoro hakuwahi kusinzia ndani ya ndege, na alijisifia hilo mbele ya waandishi wenzake. Aliwaambia kwamba anayelala hana anachokiona. Mhudumu alikuwa amebonyeza mahali na vioo vya madirisha vikaanza kugeuka samawati, vikalipoza jua la nje. Kasoro akajiambia atafumba macho kidogo tu, asikilize kama kitanda kinalia.

Yaliyofuata hakuyaona. Aliyasikia baadaye kwa mama mkwe wake, na mengine kwa wahudumu, na wote waliyasimulia namna moja.

Ulianza mkoromo mdogo wa adabu. Ukakua. Ulipofika mahali ambapo abiria wa dirishani aligeuka kutazama, mama mkwe alikishusha kiambaza ili ahakikishe kwamba hakuna mtu anayekabwa koo. Akamkuta mkwewe amelala usingizi wa pono, mdomo wazi, futi ya chuma kifuani kama upanga wa askari, chini ya macho pameingia weusi. Mama alimtazama kwa muda. Kisha akaiondoa futi, akamvua kiatu kilichobaki, akakitia kwenye kijichumba chake, akamfunika blanketi mpaka begani. Gololi aliiona karibu na sikio lake, akaichukua.

Hakukaa sana, akaja mkuu wa wahudumu, mwanamume mrefu mwenye tai iliyonyooka, na nyuma yake wahudumu wawili wenye nyuso za msibani.

"Samahani, mama. Tumwamshe?"

"Kwa nini?"

"Huyu si ndiye Kasoro wa gazetini? Tumejiandaa kwa ajili yake. Chakula hajaonja, taa hajaziona zinavyobadilika, msalani hajaingia..."

"Msalani ataingia akihitaji."

"Lakini mama, ataandika nini?"

Mama alivua miwani. Waliofundishwa naye wangejua hapo kwamba ni heri kukimbia. "Kwani hapa mmetengeneza nini? Si mahali pa mtu kulala?"

"Ndiyo, mama."

"Amelala?"

Mkuu wa wahudumu alimtazama Kasoro, ambaye wakati huohuo alitoa mkoromo uliojibu swali. "Amelala, mama."

"Basi swali la kwanza mmelipata. Mwacheni mwanangu alale. Haya mengine nitasahihisha mimi. Lete hicho chakula. Na chake pia."

Wakaleta. Kilichompendeza mama mwanzo kabisa ni kwamba hakikuja chote kwa mkupuo kwenye sinia, kimebanana, supu ikiutazama mkate. Kilikuja kimojakimoja, kwenye sahani za udongo zilizopashwa moto, na kila sahani ilisubiri ya kabla yake imalizike. Supu ya viazi ilikuwa nzito kama inavyotakiwa. Samaki alikuwa laini, chumvi yake imepimwa. Kuku, ambaye alikuwa fungu la Kasoro, alikuwa mtamu katikati na mkavu pembeni, na mama alimwita mhudumu akamwonyesha kwa uma ukavu unaanzia wapi.

Mhudumu yuleyule alirudi muda si mrefu. "Umeniita, mama?"

"Sijakuita."

Akaenda. Akarudi. "Umeniita, mama?"

"Mwanangu, wewe una majini?"

Alipokuja mara ya tatu waligundua wote wawili kwamba kitufe cha kumwita mhudumu kimekaa mahali hasa ambapo kiwiko cha mtu mfupi hupumzika. Wakacheka mpaka mhudumu akakaa kidogo kwenye mkono wa kiti. Tangu hapo mama hakuwa mgeni tena mle ndani. Alikwenda msalani, akatoka amelowa kifuani, akamwita mkuu wa wahudumu, akamwambia, "Ingia unawe mikono, mlango ukiwa wazi." Yule bwana akanawa. Bomba lilikuwa fupi, maji yakaruka yakaishika tai. "Umeona?" "Nimeona, mama." Lakini akawasifu kwa kioo kilichowekwa kimo cha watu wote, na kwa rafu ndogo ya kuwekea miwani, jambo ambalo alisema hata nyumba nyingi za watu wenye uwezo hazina. Ndoano ya kutundikia koti alisema imewekwa kwa ajili ya twiga. Akachukua gololi ya mkwewe, akakipima kitanda chake mwenyewe, akaridhika.

Kisha zikabadilika taa. Nje jua lilikuwa kali, kwa kuwa ndege ilikuwa inalifuata, lakini ndani dari ilianza kuacha weupe wake polepole mno, kiasi kwamba huoni badiliko linatokea, unaona tu limetokea. Ikawa rangi ya asali. Ikawa kama saa ile ya jioni watoto wanapoitwa waingie ndani kuoga. Mama aliizima taa yake ya kusomea ili asiliharibu. Abiria mmoja baada ya mwingine wakapunguza sauti bila kuambiwa. Ndipo alipogeuka upande wa mkwewe na kusema, "Mkwe, hebu ona."

Kasoro akakoroma.

"Haya," mama akasema, akaendelea kutazama kwa niaba ya wote wawili.

Kasoro aliamshwa na masikio yake kuziba. Alifumbua macho, akaona kiambaza kiko chini na uso wa mama mkwe wake uko palepale, umevaa miwani, unamwangalia kama karatasi ya mtihani. Akakaa wima.

"Mama! Tuko wapi?"

"Tunashuka."

"Tunashuka wapi?"

"Chini. Ndege zote hushuka chini."

"Na chakula?"

"Kimeliwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Na chako pia. Samaki ni mzuri, kuku ana kasoro."

Kasoro akashika kichwa kwa mikono miwili. Picha hakupiga. Chakula hakuonja. Taa, msala, kinywaji, vyote vimepita juu yake kama maji juu ya jiwe. "Nimekwisha, mama. Mhariri atanifukuza. Nimetumwa kutazama na sikutazama kitu."

"Toa kompyuta yako."

"Mama?"

"Toa kompyuta, uandike. Usipoteze muda kwa kulia."

Kasoro akaitoa. Mama akaanza kusema na yeye akaanza kuandika, na kabla hawajapita mawingu vidole vyake vilikuwa vinakimbia. Mama hakusema "kizuri" bila kusema kwa nini. Alimpa ukavu wa kuku na mahali unapoanzia. Alimpa bomba, kitufe cha kiwiko, ndoano ya twiga. Alimpa sahani za moto na rangi ya asali, na hapo alisita, akatafuta neno, akakosa, akamwambia aandike kwamba watu walinyamaza wenyewe. Kasoro akaandika. Alikuwa amesoma ripoti za wenzake wengi na kuzicheka. Hii hakuona pa kuichekea.

"Mimi nimewapa tisini na tatu," mama akamaliza.

"Tisini na tatu! Mama, mimi sijawahi kumpa mtu hata sabini."

"Najua. Nakusoma."

"Unanisoma?"

"Kila wiki. Unaandika vizuri, ila huna huruma na anayepatia. Mtoto akikosa, mwambie. Akipata, mpe alama zake, usizikalie. Wewe unakalia alama za watu."

"Si ndiyo nalipwa kwa kukaa," Kasoro akasema. Lilimtoka kabla hajalifikiria.

Akaganda. Mama akaganda pia, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, miwani ikamteleza puani. Kasoro naye akaanza kucheka, wakacheka pamoja mpaka mhudumu aliyekuwa anakagua mikanda akatabasamu na kuwapita.

"Kumbe ulilishika neno lile," mama akasema akijifuta macho.

"Ningeliachaje, mama? Watu walicheka."

"Wajomba ndio waliocheka. Mimi nilicheka?"

Kasoro akafikiri. Aliiona sebule ile, chai iliyomwagika, meno ya wajomba. Akamwona mama na miwani yake mkononi, uso umetulia. Hakuwa amecheka.

"Nilikuwa nauliza," mama akasema. "Kwetu hakuna aliyewahi kufanya kazi hiyo, nikataka kuijua. Wewe ukacheka pamoja nao, hukunijibu. Nikaona labda ni kijana asiyependa kuulizwa. Nikakuacha."

Chini yao mji ulikuwa umeanza kuonekana, barabara nyembamba na paa zinazong'aa.

"Haya, nijibu sasa," mama akasema.

"Nalipwa," Kasoro akaanza. "Kuna mtu, mama, anaweka akiba muda mrefu ili anunue tiketi moja ya namna hii. Pengine ana mgonjwa asiyeweza kukaa wima. Pengine ni mzee. Yeye hana nafasi ya kujaribu kwanza. Najaribu mimi kwa niaba yake, ili asidanganywe na picha za kwenye tangazo."

Mama akatikisa kichwa kukubali, polepole. "Jibu zuri sana. Ungelisema siku ile, ungenipunguzia miaka ya kuulizana habari za mvua." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya nyumbani. "Sasa na mimi nina swali jingine. Tangu lini hujalala?"

"Tangu kazaliwa huyu mdogo, mama. Mwanao anaingia zamu ya usiku hospitali, mtoto naye anaingia zamu ya usiku nyumbani. Mchana mwanao anajaribu kulala, mimi naandika."

"Na usiku anayembeba ni wewe?"

"Sasa ambebe nani?"

"Hajaniambia."

"Hatukutaka kukusumbua na magoti yako."

Mama aligeuka kutazama mbele. Magurudumu yaligusa ardhi, ndege ikatetemeka, droo zote zikakaa kimya. "Magoti si masikio," akasema. "Mngeniambia."

Nje walimkuta shemeji amesimama na mabinti zake wawili, maua mkononi, na kiti cha magurudumu alichokikodi kwa ajili ya mama yake. Mama alikitazama kile kiti, akawapita kwa miguu yake, mkongojo ukigonga sakafu. "Nimelala kitandani angani," aliwaambia wajukuu. "Huyo mgonjwa mnayemngoja ni nani?" Shemeji akamtazama Kasoro, ambaye shavuni bado alikuwa na mstari wa mshono wa mto, na hakuelewa kitu.

Kasoro alikwenda hotelini akaandika yote kwa kikao kimoja. Aliandika kwamba alilala, mwanzo kabisa, bila kujificha. Aliandika kwamba kuanzia hapo anayezungumza ni mama mkwe wake. Alimaliza kwa nyota nne na nusu.

Mhariri akapiga simu palepale. "Nimesoma. Unaumwa?"

"Sijambo kabisa."

"Nyota nne na nusu? Hiyo nusu naitoa wapi? Hatuna hata alama yake."

"Chora."

"Na mwandishi wangu amelala kazini, kisha anawatangazia wasomaji?"

"Nimepanda ndege ngapi kwa ajili yako? Niliwahi kulala?"

Kasoro alimsikia mhariri akigongagonga kalamu mezani. "Huyu mama mkwe ni mtu kweli, au umemtunga?"

"Nakupa namba, mpigie."

Akampigia. Walizungumza kwa muda mrefu, na mhariri alipomrudia Kasoro alikuwa mpole. Alisema makala itatoka kama ilivyo, isipokuwa kichwa cha habari, ambacho mama amekikataa na kukisahihisha.

Ilitoka mwisho wa wiki. Barua za wasomaji zilikuwa nyingi, na nyingi zilimwuliza mama, hazikumwuliza Kasoro. Mwanamke mmoja aliandika kwamba amemkatia tiketi baba yake mwenye nyonga mbovu kwa sababu ya kile kishikio. Kampuni ya ndege nayo ilituma shukrani fupi na kusema vitufe vya kumwita mhudumu vitahamishwa. Habari za kuku hawakuzigusa.

Mama alikaa kwa mwanawe miezi miwili. Kabla hajarudi alimpigia binti yake akamwambia kwamba akisharudi, siku za zamu ya usiku, mtoto mdogo atalala kwake, na kwamba hilo si ombi. Mkewe Kasoro alimletea habari hiyo jikoni, akasimama mlangoni akimtazama mumewe kwa namna ya kumpeleleza.

"Mlizungumza nini na mama huko juu?"

"Habari za viti."

"Viti tu?"

"Na kuku."

Siku ya kurudi kwake Kasoro alikwenda uwanjani kumpokea. Mama aliingia garini, akafunga mkanda, akaanza kueleza habari za treni za mji ule kabla gari halijatoka maegesho: jinsi milango ilivyofunguka, jinsi kijana mmoja alivyompisha kiti, jinsi sauti ya kutangaza vituo ilivyokuwa ya mtu aliyechoka na maisha. Kasoro aliuliza maswali. Mama aliyajibu, akarudi nyuma kurekebisha, akaongeza. Walipofika kwenye njia panda ya kuelekea nyumbani, alikuwa bado katikati ya kisa cha tiketi iliyokwama kwenye mashine, na Kasoro akakata kona upande wa pili, akashika njia ndefu.